Mkiandika breki zimefeli, chungulieni na chini ya gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua mnapenda barua fupi lakini hili halifupishiki, kama ni lazima ukate basi kata mwishoni usikate katikati maana katikati ndo kuna mambo.

Mimi ni fundi breki, kijiwe changu kipo Tabata, na gazeti nalisoma asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia. Karibu kila habari ya ajali ya pickup ya mzigo au Hiace inaishia palepale, chanzo ni breki kufeli, dereva anatafutwa, basi, kesho habari nyingine. Sijaona hata mara moja mtu kauliza breki zipi hizo, za mbele au za nyuma, zilifeli vipi, na huko chini gari lilikuwa limeguswaguswa nini kabla ya siku hiyo. Leo naongelea kifaa kimoja tu ambacho hapa mjini kinachezewa kweli kweli na sijawahi kukiona gazetini: ile valvu inayogawa presha ya breki za nyuma.

Kwa asiyeijua ni hivi. Ukikanyaga breki gari inainama mbele, hilo kila abiria wa daladala analijua maana ndo anavyomwangukia mwenzake. Uzito unahamia mbele, nyuma panabaki pepesi. Sasa kama breki za nyuma zinapewa presha ileile ya mbele, tairi za nyuma zinajam kwanza kwa sababu hazina uzito wa kuzikandamiza kwenye lami, na tairi ikishajam haishiki njia tena, gari inatupa mkia na kabla hujakaa sawa inaangalia ilikotoka. Bora za mbele zijam kwanza, usukani hautakusikiliza lakini gari itanyooka. Ndo maana watengenezaji waliweka valvu kwenye paipu inayokwenda nyuma, presha ikifika kiwango fulani inaanza kuibana, ya mbele inapanda kama kawaida ya nyuma inapanda taratibu.

Kwenye gari ndogo nyingi za saluni za zamani valvu hiyo imepangwa kiwandani moja kwa moja, haina pa kukaza wala kulegeza. Ila gari la mzigo ni habari nyingine. Hilux tupu na Hilux yenye mifuko 20 ya simenti, yaani tani nzima, sio gari moja hata kidogo. Ikiwa tupu nyuma inataka breki kidogo, ikibeba inataka nyingi, usipoipa hizo nyingi mbele ndo inabebeshwa kazi yote. Kwa hiyo Hilux, Hiace na Land Cruiser nyingi za zamani zina valvu inayosoma mzigo, imefungwa kwenye chasisi karibu na difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ina mkono wa chuma wenye springi unaounganishwa na ekseli ya nyuma. Mzigo ukiingia bodi inashuka, ule mkono unasukumwa, valvu inafunguka zaidi. Ni konda huyo, anampigia suka kelele kwamba huku nyuma kumejaa au kutupu.

Sasa sikilizeni tunachomfanyia huyu konda hapa Dar.

Mtu ananunua pickup, wiki hiyohiyo anaipeleka kwa fundi springi akaongezewe majani, vile vyuma bapa vinavyopangwa kuwa springi. Simlaumu, biashara ni biashara, gari ikibeba inakaa chini kama inataka kuketi, na yeye anataka ibebe zaidi. Fundi springi anaongeza majani mawili matatu, saa ingine ya gari kubwa kabisa, nyuma inapanda juu gari inasimama kama imeinama kusujudu. Inapendeza machoni. Lakini ule mkono wa valvu haujui habari za majani mapya, wenyewe unapima umbali tu kati ya chasisi na ekseli, na umbali umeongezeka. Valvu inaamini gari ni tupu. Unapakia tani, springi ngumu zile zinashuka kidogo tu, valvu bado inaamini tupu. Breki za nyuma zinapewa presha ya gari tupu wakati mgongoni kuna tani nzima.

Na hapo ni pale fundi alipouacha mkono mahali pake. Wengine springi mpya ikikaa mkono unakuwa haufiki tena, wanafungua bolti wanauacha unaning'inia. Wengine wanautoa wanauweka kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Halafu kuna kundi la tatu, hawa wana akili kuliko wote kwa maelezo yao wenyewe, wanauvuta juu mpaka mwisho wanaufunga kwa waya kwenye chasisi, wanakwambia bosi nimekufungulia breki za nyuma zote sasa hivi zinashika balaa.

Mwaka huu kaja mteja wangu mmoja, anasambaza maji ya chupa kwenye maduka ya Segerea na Kinyerezi, milima ile mnaijua. Analalamika, "Fundi, pad za mbele zinaisha kama pipi, nimebadilisha mpaka nimechoka, au spea za siku hizi feki?" Nikavua tairi za mbele, diski zinazobanwa na hizo pad zimebadilika rangi zina mabaka ya bluu, maana yake zimepikwa. Nikaenda nyuma nikavua dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi, shuu zinazolisugua kwa ndani nene vilevile, zina vumbi tu, upande mmoja hata ile alama ya rangi ya kiwandani bado inaonekana pembeni. Gari limekimbia mjini muda wote huo shuu za nyuma zinatalii. Nikalala chini na tochi, mkono wa valvu unaning'inia, bolti haipo, kichwa cha mkono kimeshaota kutu. Nikamuuliza bosi hiki nani alikifungua, akasema "hicho nilikikuta hivyohivyo fundi, kwani kina kazi gani?"

Swali zuri. Na kwa heshima zote nadhani hata baadhi ya mafundi wenzangu wangelijibu kwa kubahatisha.

Sasa Mhariri tuunganishe hapo na habari zenu za breki kufeli. Gari ambayo nyuma haishiki, breki zote zinafanywa na mbele. Mtaani unaweza usijue, unakanyaga zaidi kidogo mambo yanakwenda. Ipeleke kwenye mteremko mrefu na mzigo, sema Kitonga, na dereva anashuka kwa breki badala ya gia. Diski za mbele zinachemka, joto linaingia kwenye kalipa, ile inayobana pad kwenye diski, linaingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke mpaka nyuzi 205 au zaidi, lakini mafuta haya yana tabia ya kunywa unyevu kwenye hewa, na hewa ya Dar mnaijua, ukiacha chumvi wazi asubuhi unakuta uji. Yakishakunywa maji kiwango kinaweza kushuka mpaka nyuzi 140 hivi. Kuna magari yanakuja hapa mafuta ya breki yamekuwa meusi kama kahawa ya kijiweni, mwenye gari anasema tangu ameinunua anaongeza tu, hajawahi kumwaga. Basi yakichemka kunatokea mvuke kwenye paipu, mvuke unabanwa mafuta hayabanwi, dereva anakanyaga pedo inaingia mpaka chini kama amekanyaga sponji. Hapo ndo breki zimefeli.

Kinachoniuma ni kinachofuata. Gari likipoa mvuke unarudi kuwa mafuta. Kesho yake mtu anakuja kukagua, anakanyaga pedo, ngumu, haivuji popote, masta silinda, ile pampu ya kwenye pedo, nzima. Anaandika breki ni nzima, uzembe wa dereva. Dereva kama yuko hai anaapa kwa Mungu breki hazikushika, hakuna anayemuamini, na wote wawili wanasema kweli! Angekuwepo mtu wa kufungua dramu za nyuma akaangalia shuu zimelika kiasi gani, halafu akachungulia ule mkono, habari ingekuwa nyingine kabisa.

Upande wa pili, wale wa kufunga waya. Hiyo gari ikiwa na mzigo inashika vizuri tu na mwenye gari anamsifia fundi. Siku ameshusha mzigo anarudi tupu, mvua ya kwanza imedondoka, ile inayochanganyika na oili iliyomwagika barabarani mwezi mzima, bodaboda anaingia mbele yake ghafla, anakanyaga. Nyuma inajam yote. Gari inazunguka na kwenda kulala kwenye mtaro au upande wa pili wa barabara ambako kuna watu wanakuja. Tunaambiwa mwendo kasi. Inawezekana mwendo ulikuwepo, mimi sitetei mwendo, mara mbili ya spidi ni mara nne ya kazi ya kuzuia na hakuna valvu ya kufuta hilo. Lakini gari iliyofungwa waya inazunguka hata kwenye 50 halali kabisa.

Kuirekebisha sio kazi ya uchawi ila inataka utaratibu. Kwanza kabisa valvu sio dawa ya breki mbovu. Mtu anakuja nyuma hazishiki, fundi anakimbilia nati ya valvu, hapana. Fungua dramu kwanza. Angalia shuu kama hazijalowa oili ya difu, maana sili ya ekseli ikivuja shuu zinalowa na hapo hata ukipeleka presha ya dunia nzima zitateleza. Angalia wili silinda zinazosukuma shuu kama hazijagoma kwa kutu, angalia mpira wa breki unaoshuka kwenye ekseli kama haujaziba kwa ndani, seti shuu zikae karibu na dramu inavyotakiwa. Halafu toa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye paipu za breki, na hapa kuna jambo dogo watu hawalijui, ukiwa umeinua gari kwa jeki kwenye chasisi ekseli inaning'inia, valvu inaona gari tupu kuliko tupu inabana paipu, unahangaika na upepo wa nyuma hautoki vizuri. Weka gari ikae kwenye tairi zake au inua kwa kushika ekseli. Na baadhi ya hizi valvu zina nipo yake yenyewe ya kutolea upepo, usiiruke.

Baada ya hapo ndo unaigusa valvu. Kwenye Toyota za aina hii kule mwisho wa mkono kuna kishikizo chenye nati ya kurekebisha urefu, kwa kawaida ukikirefusha presha ya nyuma inapanda ukikifupisha inashuka, ila kila modeli ina vipimo vyake kwenye kitabu cha ufundi na vitabu vya Toyota za zamani siku hizi vinapatikana hata kwenye simu, kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba havipo. Kitabu kinakwambia ekseli ya nyuma iwe na uzito gani wakati wa kupima. Mimi natumia mifuko ya mchanga, na gari napitisha kwenye mizani nikijua nimepima ekseli ya nyuma peke yake. Halafu unafunga geji mbili za presha, moja kwenye nipo ya breki ya mbele moja ya nyuma, unatoa upepo kwenye geji zenyewe. Msaidizi anakanyaga pedo taratibu mpaka geji ya mbele ifike namba ya kitabu, tuseme kilo 80 kwa sentimita ya mraba, anashikilia hapohapo. Asikanyage mara mbili na asirudishe mguu, akizidisha aachie aanze upya. Unasubiri sekunde 2 ndo unasoma ya nyuma. Ikiwa chini ya kitabu unarefusha, ikiwa juu unafupisha, unapima tena. Ukizungusha nati mpaka mwisho bado haifiki basi kagua valvu yenyewe, huenda imekufa, ikiwa hivyo badilisha nzima. Usiifungue ndani ukaichokonoa na bisibisi, ile sio kabureta. Na ukiona mafuta yanalowanisha kile kiraba kinapoingilia mkono usijisumbue hata kupima.

Na gari iliyoongezwa springi je? Hapa ndo penye ubishi kijiweni. Wapo wanaosema unatengeneza kipande cha chuma unainua kishikizo cha kwenye ekseli kwa kimo kilekile gari ilichopanda, mkono unarudi kwenye mlalo wake wa zamani, kazi imekwisha. Ni nusu ya kazi. Inasaidia kwa gari tupu, lakini springi ngumu inashuka kidogo kuliko ya kiwandani kwa mzigo uleule, kwa hiyo konda wako bado atatoa hesabu pungufu ya abiria. Lazima upime na mzigo, kisha upime tena tupu, utafute mahali ambapo zote mbili zinakubalika, na kama hazipatikani basi zile springi zimezidi, punguza. Mteja hapendi kuambiwa hivyo, anahamia gereji ya jirani. Aende tu.

Yule wa maji ya chupa alikubali tukatoa jani moja, valvu ikabadilishwa, nikaweka mafuta mapya na nikamwambia kila miaka 2 amwage yote aweke mengine. Alipiga simu baadaye kusema gari ikikanyagwa haichomi pua chini kama zamani, inashuka yote kwa pamoja. Hicho ndo kitu ninachotaka kukisikia, wala sio inashika balaa.

Nikipita haraka kwa wenye gari mpya mpya, nyingi zenye ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisijam, kazi hii inafanywa na kompyuta inayogawa breki mbele na nyuma, kwenye hizo hakuna nati chini ya gari kwa hiyo usimlipe mtu akurekebishie. Lakini taa ya ABS na taa ya breki zikiwaka zote pamoja kwenye dashibodi ujue huenda na ule mgawanyo umezimika, tairi za nyuma zinaweza kujam kama gari ya kizamani isiyo na valvu. Kuna watu wanatolewa balbu ili taa isiwasumbue. Sina la kusema hapo, pesa yako balbu yako.

Sasa ombi langu Mhariri. Waandishi wenu wakifika kwenye ajali ya pickup au Hiace, wamuulize yule anayekagua maswali mawili tu: shuu za nyuma nazo zimelika, au ni pad za mbele tu? Mkono wa valvu umeunganishwa na ekseli? Maswali hayo hayahitaji digrii, yanahitaji mtu alale chini. Na mkiyaandika majibu wenye magari watayasoma, mimi nawajua, mtu anaogopa kusomwa gazetini kuliko kuogopa notisi ya trafiki.

Kwa mafundi wenzangu wa Tabata, Buguruni, Gerezani na kwingine, tatizo letu kubwa ni geji. Wengi hatuna, tunaseti kwa kuzungusha na kwenda kujaribu barabarani, na kujaribu breki za kujam kwenye barabara ya Mandela saa nne asubuhi ni kutafuta kesi. Seti ya geji mbili na nipo zake mtu mmoja anaweza akaona ni hela nyingi kwa kazi isiyokuja kila siku, ila tukichanga vijiwe vitano sita tunanunua seti moja inazunguka, mwenye kazi siku hiyo anaichukua jioni anairudisha. Yangu ipo, anayetaka kuja kuona inavyofungwa aje Jumamosi mchana, aje na gari ya mteja na mchanga wake mwenyewe, wa kwangu umeshachanika mifuko.

Fundi breki,
Tabata, Dar es Salaam.